Dakika ya Themanini na Tatu

Nilipoanza kuripoti mpira
niliamini tusi ni mbolea.
Timu ikipigwa manne pale Chamwino
sikuandika "mabeki walilala";
niliandika walilala na nani, na wapi, na kwa bei gani,
na vijana wa Chang'ombe wakanipigia simu wakicheka
mpaka salio likawaishia.

Sechelela Mwaluko, mhariri wangu,
alikuwa na kalamu nyekundu na kikohozi cha vumbi la Agosti.
Alikata. Hakueleza.
Siku moja tu alisema, macho hajayainua:
"Refa umemwita jina hilo mara tatu.
Sasa niambie, alikosea wapi?"
Nikapekua daftari.
Jina lilikuwepo. Kosa sikuliandika.

Zabibu mbichi nayo hukunja uso wa mlaji,
na mchumaji mvivu akiuona uso ule
hudhani ameshatengeneza divai.

Basi nikajirudi. Nikawa msafi kama shuka la wageni.

Ikaja Jumamosi ya Ihumwa.
Mataruma na Mpunga ya Bahi, uwanja wa shule,
goli moja halina wavu,
upepo umeibeba chokaa yote, kiasi kwamba kipindi cha pili
kumi na nane ilikuwa ni kumbukumbu tu.
Kipa wa Mataruma, Ndahani, miaka kumi na tisa.
Mpira wa kurudishiwa, mwepesi, wa kuokota kwa mkono mmoja,
ukampita katikati ya miguu.

Ndipo mwanamume mwenye shati la njano akasimama
akalitamka lile.
Mnalijua. Lina mama ndani yake.
Akalirudia kwa silabi, kama mwalimu wa darasa la kwanza,
na upande mzima ukaitikia.
Ndahani akavua glovu,
akaketi juu ya mstari usioonekana,
akalia, na mechi ikaendelea.

Usiku ule nililiandika herufi kwa herufi.
Halikuwa langu safari hii. Nililibeba tu
kama tarishi anavyobeba barua ya msiba.
Sechelela akalikata, juu yake akaandika: *lugha isiyofaa.*

Jumatano akatokea mlangoni mwa ofisi,
baiskeli ameiegemeza ubavuni, gazeti limekunjwa mara nne.
"Lugha isiyofaa," akasema,
"ndivyo mwalimu alivyoniandikia kwenye ripoti
nilipoongea Kigogo darasani.
Mmeniandika nimelilia hiyo.
Lirudisheni lile lenyewe."

Sechelela alikohoa muda mrefu.
Nilimwona, kwa mara ya kwanza, hana pa kukata.
"Mama yako alisikia?"
"Si alikuwa nyuma ya goli.
Anauza karanga."

Karanga.
Nilizinunua mimi mwenyewe, kikopo cha mia mbili,
zimefungwa kwenye ukurasa wa michezo.
Masikio yangu yalikuwa wazi kulingoja neno
na sikumtazama usoni aliyenirudishia chenji.

Toleo lililofuata niliandika upya:

*Dakika ya themanini na tatu
mtu mwenye shati la njano alimtukania kipa mama yake.
Mama yake alikuwa hatua nne nyuma ya goli
akimpimia mtoto karanga.
Alisawazisha kikopo kwa kiganja.
Haikudondoka hata punje.*

Sechelela alisoma, akasoma tena,
akaifunika kalamu nyekundu kwa kifuniko chake.
Ndahani hakuridhika. Mpaka leo tukikutana sokoni Majengo
ananiambia lile neno lingechapishwa, kwa wino mzito,
mwenye shati alione limevaa jina lake.
Huwa sina jibu. Ulimi hauna mfupa;
kalamu inao, na mfupa ndio unaovunjika.

Ukurasa ukiwa tayari kwenda mtamboni
Sechelela aliniita kutoka ngazini:
"Na matokeo?"
"Matokeo gani?"
"Ya mechi, wewe. Nani alishinda?"

Sikuwa nimeyaandika.